Kumtafuta Mama Mkwe Jangwani

Jumamosi moja tukiwa tumesimama penye meza ya mihogo katika soko la Walthamstow, London, rafiki yangu Jaswant aliniambia kwamba anataka kwenda Amerika kumwona Mama Mkwe kabla macho yake hayajafunga duka. Mwanamke aliyekuwa akichagua ndizi kando yetu aligeuka kututazama. Bila shaka alidhani mzee ameficha mke Mwamerika. Ilibidi nicheke, maana watu waliobaki duniani wanaomjua Mama Mkwe wanaweza kutoshea kwenye teksi moja.

Mama Mkwe alikuwa ndege ya kivita. Mimi na Jaswant tulikuwa mafundi katika jeshi la anga la Kenya tulipokuwa vijana, mimi Mtaita wa Wundanyi, yeye Kalasinga wa Nakuru, mvaa kilemba wa pekee katika hanga zima, yaani banda letu la ndege. Tulikabidhiwa jeti moja ya viti viwili, na tuliipa jina hilo kwa sababu haikukubali kuamrishwa. Asubuhi za baridi ilitaka kubembelezwa, na ukiiharakisha ilikutia aibu mbele ya wakubwa. Lakini ikishawaka, ilinguruma mpaka vikombe vya chai vikatembea mezani. Tuliitunza miaka mingi, tukaizoea kuliko baadhi ya jamaa zetu. Kisha ikauzwa nje pamoja na wenzake, sisi tukaacha jeshi, na maisha yakatuleta London kila mtu kwa njia yake. Mimi nilimfuata mke wangu Wakesho, ambaye alikuwa nesi. Jaswant alikuja kwa kaka yake mwenye duka la vipuri vya magari. Leo hii kutoka kwangu hadi kwake ni vituo vichache tu vya basi.

Wiki chache kabla ya siku ile ya sokoni, mwenzetu wa zamani alikuwa ametuma picha katika kundi letu la WhatsApp la wastaafu. Ilionyesha uwanja fulani katika jangwa la Arizona, ndege zimepangwa safu kwa safu hadi jicho linachoka, na katika safu ya nyuma zilionekana za aina yetu. Mwenzetu aliandika kwamba zetu ziliuzwa, zikauzwa tena, na yasemekana ziliishia hapo. Yasemekana tu. Kwa Jaswant hilo lilitosha. Ana presha ya macho. Siku hizi anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na daktari alishamwambia wazi kwamba bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

Nilimuuliza tutaitambuaje, kwa kuwa namba hufutwa na rangi hubadilishwa kila ndege ikipata mwenyewe mpya.

"Kwa kiraka," akajibu. "Kiraka hakifutiki."

Alisema kweli. Wakati fulani tai alimgonga Mama Mkwe chini ya bawa la kushoto, nasi tukakata bati na kulishonea kiraka kwa ribiti, vile vipini vya chuma vya kuunganishia bati, mmoja akipiga na mwingine akishikilia upande wa ndani. Katikati ya kazi Jaswant alipiga chafya, na ribiti moja ikakaa nje ya mstari. Ilikuwa imara, wakubwa wakaikubali, lakini hanga zima lilimtania kwa chafya ile kwa muda mrefu. Hakuna fundi mwingine duniani ambaye angeacha ribiti mahali pale.

Wakesho alipopata habari alitikisa kichwa. "Watu huenda Dubai kutazama majumba," akasema. "Nyinyi mnavuka bahari kutazama vyuma chakavu." Kisha akanipakia kofia mbili na mafuta ya kujipaka juani.

Asubuhi ya safari, Harjit, mwana wa kwanza wa Jaswant, alitupeleka uwanja wa ndege wa Heathrow kwa gari lake. Harjit ni mtoto mwema, sina la kumlaumu. Alimtafutia baba yake kiti cha magurudumu, akamnunulia maji, akamfunga vifungo vya koti. Baba alipopelekwa msalani na mhudumu, Harjit akanivuta kando. Kiswahili anakielewa kwa kuwa alikua akitusikia tukizungumza, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Uncle, kama hamtaipata, mwonyeshe yoyote tu. Mwambie ndiyo yenyewe. Hatajua."

"Harjit..."

"Please, Uncle. Ni furaha yake ya mwisho ya namna hii. Kuna ubaya gani?"

Niliona machozi yakimlengalenga. Nilimpigapiga begani, sikusema ndiyo wala hapana, na nadhani yeye alichukulia kwamba nimekubali. Baba yake aliporudi tulikuwa tunazungumza habari za mizigo.

Juu ya bahari, baada ya kula na watu kuanza kusinzia, Jaswant alinigusa mkono.

"Mwakio, unajua ninachoogopa?"

"Hiki chakula chao."

"Acha mzaha. Siyo giza. Giza nitalizoea. Juzi niliunguza chapati. Moshi ulijaa jikoni mpaka king'ora kikalia. Niliinusa ile harufu mwenyewe. Watu wa nyumbani wakazila zote. Mkwe wangu akaniambia, 'Lovely, Daddy.' Lovely! Mkaa!"

"Labda walikuwa na njaa."

"Wameanza, Mwakio. Shati lina doa, naambiwa ni safi. Nimevaa soksi mbili za rangi tofauti, naambiwa zinafanana, mpaka mjukuu akacheka. Wananipenda, najua. Lakini siku nitakayofungwa macho kabisa nitakuwa naishi wapi? Katika nyumba ambayo kila kitu ni kizuri hata kama kimeungua? Hapo ndipo nitakapokuwa kipofu kweli."

Nilitazama dirishani ingawa hapakuwa na cha kutazama ila mawingu. Maneno ya Harjit yalikuwa bado yananirudia masikioni. Nilimwambia Jaswant alale, naye akalala akiwa na mdomo wazi, mimi nikabaki macho mpaka wakatuletea chai.

Tulipofika Phoenix, mji wa Arizona, mlango wa ndege ulipofunguliwa joto lilitupokea kama tumefungua tanuri la mikate. Nilikodi gari dogo. Huko wanaendesha upande wa kulia, na mimi maisha yangu yote, Kenya na Uingereza, nimeendesha kushoto. Kwenye makutano ya kwanza niliingia upande wa wenyewe.

"Kulia! Kaa kulia!" Jaswant akapiga kelele.

"Kwani unaona?"

"Sioni kitu. Nasikia honi."

Barabara ya kusini ilinyooka mno. Pande zote mbili kulikuwa na mchanga wenye rangi ya tangawizi, milima ya mawe kwa mbali, na dungusi ndefu zenye miiba zilizosimama mikono juu kama watu walioamriwa na polisi. Nilimwelezea Jaswant yote hayo, kwa sababu kupitia bomba lake alikuwa akipata kipande kimoja kimoja tu. Alitaka habari kamili. Milima ina miti? Haina. Mbingu je? Bluu, hakuna hata wingu la kufutia pua. Hewa ilikuwa kavu kuliko ya Voi wakati wa kiangazi. Jioni, katika hoteli ndogo ya kando ya barabara, nilianika soksi kwenye kiti na zikakauka kabla sijamaliza kuoga.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwenye uwanja wenyewe. Ni mahali pa watu binafsi, wanapoweka ndege za zamani na kuuza vipuri. Nilikuwa nimewaandikia tangu London, na mwenyeji wetu akatungoja getini, mwanamke wa makamo aliyevaa kofia pana ya ukindu, jina lake Lupe. Alitupakia kwenye kigari cha umeme cha wazi.

"Baba yangu alifanya kazi hapa," alituambia. "Mimi niliapa sitafanya. Sasa mnaniona nilipo."

"Ukilikimbia gari la baba, utalirithi tu," Jaswant akamwambia, na Lupe akacheka.

Alitueleza kwa nini ndege huletwa jangwani. Hakuna unyevu, kwa hiyo bati haliliwi na kutu. Udongo ni mgumu, ndege inasimama juu yake bila saruji. Vioo na midomo ya injini hupakwa utando mweupe ili vumbi na jua visiingie. Nilipoziona hivyo kwa mara ya kwanza nilishtuka. Zilikuwa nyingi ajabu, za mizigo, za kivita, za mafunzo, zote zimezibwa macho kwa rangi nyeupe, na hakuna sauti ila upepo uliogonga kipande cha bati mahali fulani. Mimi nilizijua ndege kwa kelele. Nilikumbuka hanga letu alfajiri, harufu ya mafuta, vijana wakikimbia na ngazi, na mtu akiimba vibaya chini ya tumbo la ndege. Nilihuzunika, sioni haya kusema. Nilimkumbuka kila mtu aliyenikopesha bisibisi.

"Niambie," Jaswant akasema.

Nikamwambia. Kulia ni ya mizigo, imetolewa injini zote. Kushoto ni jeti kubwa, mkia umekatwa. Mbele kuna safu nzima zinazofanana, zimefifia rangi.

"Zinaruka tena?" akamuuliza Lupe.

"Chache. Nyingi tunazitoa vipuri, kisha zinakatwa. Ila vipuri vyenyewe vinaruka bado. Wiki iliyopita tulituma magurudumu ya moja mbali sana."

Kwenye safu ya nyuma kabisa Lupe alisimamisha kigari. Zilikuwepo, za aina yetu, zimepiga foleni zikiwa zimeinamisha pua. Jaswant hakungoja nimshike mkono. Alishuka, akanyoosha mikono mbele, akaenda mpaka ncha ya bawa la kwanza ikamgusa kifua.

Tulianza kukagua moja baada ya nyingine. Mimi nilichuchumaa chini ya bawa la kushoto na yeye alipapasa. Ya kwanza haikuwa na kiraka. Iliyofuata vilevile. Jua lilikuwa linapanda na Lupe akatuletea maji mara kwa mara bila kutuharakisha. Tulipofika karibu na mwisho wa safu, mkono wa Jaswant ulisimama.

"Mwakio."

Kilikuwa kiraka. Chini ya bawa la kushoto, ukubwa ule ule, pembe zimekatwa mviringo kama tulivyofundishwa. Jaswant alikifunika kwa viganja vyote viwili. Vidole vyake vimekufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari, havipati vitu vidogo, na kule kivulini bomba lake halikuona kitu, lakini umbo alilijua. Aliegemeza paji la uso kwenye bati lile la moto akalia.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye, Mwakio. Mama Mkwe wetu."

Lupe alivua kofia yake, akaishika kifuani.

Mimi nilikuwa tayari nimeiona ile mistari ya ribiti. Ilinyooka. Yote. Niliipitia kutoka juu hadi chini, nikairudia kutoka chini hadi juu, nikatamani kwa moyo wangu wote nione moja tu iliyokaa kombo. Kazi ilikuwa safi kuliko yetu. Ilikuwa kazi ya mafundi wengine, waliotia kiraka kwenye ndege yao.

Jaswant alijifuta uso kwa mkono wa shati, akageuka upande nilikokuwa. "Kagua," akaniambia.

Hapo inanibidi nieleze desturi yetu. Katika hanga letu hakuna aliyeruhusiwa kuipitisha kazi yake mwenyewe. Ukimaliza unarudi nyuma hatua chache, unamwita mwenzako, unamwambia "Kagua." Anatazama, anagusa, kisha anatamka moja kati ya maneno mawili, "Pita" au "Rudia." Hapakuwa na la tatu. Hukumpitisha mtu kwa sababu amechoka, au ana msiba, au ni rafiki yako, kwa kuwa juu ya neno lako kuna mtu atakayepanda na kuruka. Jaswant na mimi tumegombana kwa mengi, lakini kwenye neno hilo hatukuwahi kuoneana haya. Aliwahi kunirudishia kazi siku ya harusi yangu.

Na sasa alikuwa anangoja, mkono mmoja bado umeshika bati. Nilimfikiria Harjit. Nilifikiria jinsi neno moja dogo lingempeleka mzee huyu nyumbani akiwa ameshiba furaha, na kwamba hakuna rubani yeyote ambaye angekufa kwa sababu ya neno hilo. Kuna ubaya gani? Nilikaribia sana kulisema. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Rudia," nikasema.

"Umesema nini?"

"Siyo yeye, Jaswant. Ribiti zimenyooka zote."

"Tazama tena."

Nilitazama tena, kwa haki, polepole, nikipitisha ukucha juu ya kila moja. "Siyo," nikamwambia.

Aliondoa mkono wake. Aliupangusa kwenye suruali kama mtu aliyeshika mali ya watu bila ruhusa. Tulikagua zile zilizobaki, na hakuna iliyokuwa na kiraka. Lupe alituambia kwa sauti ya chini kwamba nyingine za kundi lile zilikwisha kukatwa kabla yeye hajaanza kazi, na huenda yetu ilikuwa miongoni mwa hizo. Jaswant alimshukuru vizuri sana, akampa mkono, kisha akakaa kwenye kigari akitazama mbele.

Njiani kurudi hotelini hakusema hata nikae kulia. Nilijilaumu. Nilijiita mkaidi, mtu anayelinda sheria za hanga ambalo huenda sasa ni ghala la mahindi, huku rafiki yangu amelala kitandani akiuangalia ukuta.

Asubuhi ya kuondoka, mwenye hoteli alituletea maharage na mikate yao ya mahindi iliyo bapa kama chapati. Jaswant alikata kipande, akatafuna kwa muda.

"Haijaiva," akasema.

"Haijaiva kabisa," nikajibu.

Akaendelea kula. "Harjit alikuomba uniambie ndiyo?"

Ningeweza kumkinga kijana wa watu. Lakini nilikuwa nimeshaanza njia hii, na hapakuwa na pa kugeuzia gari. "Aliniomba," nikasema.

"Nilidhani hivyo. Ningekuwa mimi ningemwombea baba yangu vivyo hivyo." Alimaliza chai yake. "Ile siku nzima nilikukasirikia, ujue. Mpaka sasa sijamaliza."

"Malizia ndani ya ndege. Ni mwendo mrefu."

Heathrow tuliporudi mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Harjit alimkumbatia baba, akauliza kwa furaha, "Daddy, mliiona?"

"Hatukuiona," Jaswant akajibu. "Kulikuwa na moja iliyofanana. Mwakio aliikataa."

Tulipokuwa garini Harjit alinitazama kupitia kioo cha dereva, na sikupenda nilichokiona katika macho yale. Alinishusha mlangoni kwangu kwa adabu, bila kuzima injini. Wakesho naye, nilipomsimulia, aliweka kijiko chini. "Mngemwachia furaha yake, jamani," akasema. Zilipita siku nyingi Jaswant asipige simu, na mimi niliogopa kupiga.

Jumapili moja asubuhi, tulipokuwa tunajiandaa kwenda kanisani, kengele ililia. Jaswant alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake nyeupe, amevaa suti, njiani kwenda hekaluni kwao. Alikuwa amepanda basi peke yake. Hakuniamkia wala kuingia.

"Nimefunga kilemba mwenyewe, bila kusaidiwa," akasema. "Nyumbani wote wameniambia kimekaa vizuri. Nimeshuka hapa nikuulize wewe."

Nilimtazama. Kilikuwa kimelalia upande wa kushoto, sikio moja liko nje, na mkunjo wa mbele umetumbukia kama paa la kibanda. Nilimwambia hivyo hivyo, pamoja na lile paa. Nyuma yangu nilimsikia Wakesho akiguna.

Jaswant alitabasamu, tabasamu pana ambalo sikuwa nimeliona tangu kabla ya jangwa. Aliingia, akakifungua chote sebuleni. Kilemba, ili kikae vizuri, kabla ya kufungwa hukunjwa na watu wawili, mmoja kila ncha, kitambaa kimevutwa sawasawa. Alinipa ncha moja. Nilirudi nyuma mpaka nikafika jikoni, yeye akabaki karibu na dirisha, na kitambaa cha bluu kikanyooka kati yetu juu ya meza na viti. "Vuta," akaniambia, nikavuta. Wakesho akachelewa kanisani kwa kutuangalia.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba mtu anaweza kupoteza macho yake na bado akaiona dunia, ilimradi awepo angalau mmoja wa kumwambia ilivyo. Sikujua hilo kule jangwani. Kule nilikuwa naogopa tu.

Alikifunga upya, mzunguko kwa mzunguko, midomo imekazwa. Alipomaliza aligeuza uso wake upande wa sauti yangu na kuuliza kikoje sasa. Nilichukua muda wangu, nikamzunguka, nikatazama mbele na nyuma. Nikamwambia kimekaa. Hakuuliza mara ya pili. Alichukua fimbo yake, akateremka ngazi kichwa kikiwa juu, akaenda hekaluni kusimama mbele ya watu.